Kidole Kinachofungua Telefoni: Akili Hiyo Ni ya Nani?



Juma hili tunawaletea habari ya kesi. Si kesi ya shamba wala ya urithi, ambazo tumezizoea. Ni kesi ya kidole. Kila mmoja wetu aliyewahi kushika telefoni ya kioo, iwe yake au ya mtoto wake, anakijua kitendo hiki: kioo kimefungwa, unaweka kidole juu ya alama ndogo, unakivuta upande, na ile alama inafuata kidole kama mtoto anavyofuata mama yake sokoni. Ikifika mwisho, telefoni inafunguka. Kampuni mbili kubwa, Apple ya Marekani na Samsung ya Korea ya Kusini, zilipelekana tribinali kwa ajili ya kitendo hicho. Hukumu iligeuka mara mbili kabla kesi haijafika mwisho.

Swali lililowagawanya mahakimu si la wenye kusoma peke yao. Walijiuliza hivi: jambo hili lilikuwa wazi, fundi yeyote angelifikia, au lilihitaji akili ya pekee? Sisi katika vikundi vyetu tunaulizana swali hilo hilo kila mara, ila kwa maneno makali zaidi. Mama mmoja akibuni kitu, mwingine anakitazama, anacheka kidogo, anasema: «Hata mimi ningefanya hivyo.» Neno hilo limevunja urafiki wa miaka mingi. Kwa hiyo tuliona vema tuieleze kesi hii polepole, kwa kuwa ndani yake mna kitu cha kutusaidia.

Tuanze na karatasi yenyewe. Mtu akivumbua kitu kipya, serikali inaweza kumpa hati ya uvumbuzi, ile ambayo wenzetu waliosoma Kifaransa wanaiita breve. Hati hiyo ni mapatano. Mvumbuzi anaeleza kwa maandishi na michoro namna kitu chake kinavyofanya kazi, ili wengine wajifunze. Serikali nayo inamwambia: kwa muda fulani hakuna mwingine atakayekitengeneza wala kukiuza bila ruhusa yako. Kule Marekani muda huo ni miaka 20 tangu siku ombi lilipoletwa. Muda ukiisha, kitu kinakuwa cha wote.

Lakini hati haitolewi ovyo. Kwanza kitu kiwe kipya, yaani kisiwe kimekwisha kutengenezwa au kuandikwa mahali fulani. Pili, na hapa ndipo penye magomvi, hata kama ni kipya, kisiwe jambo ambalo fundi wa kawaida wa kazi hiyo angeliona mara moja akitazama vitu vilivyokuwepo. Marekani iliandika sharti hilo la pili katika sheria yake ya mwaka 1952. Mwaka 1966 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, ikihukumu kesi ya vyuma vya plau, ilifundisha njia ya kulipima. Tazama vilivyokuwepo zamani. Tazama tofauti kati ya hivyo na kitu kipya. Pima ujuzi wa fundi wa kawaida. Kisha tazama dalili za maishani: je, kitu hicho kilinunuliwa sana? Je, watu walikihitaji kwa miaka mingi na wengine wakajaribu wakashindwa?

Sharti hilo lina maana kubwa kwetu sisi wadogo. Bila hilo, mtu mwenye pesa na avoka angeweza kwenda kuandikisha jina lake juu ya kila jambo dogo. Leo mtu aandikishe kuongeza chumvi kwenye sombe, na kesho sisi wote tuombe ruhusa ya kupika.

Sasa turudi kwenye kioo. Telefoni za kioo zilipoanza, zilileta taabu yake. Kifungo cha zamani kilihitaji kubonyezwa, lakini kioo kinatii hata kikiguswa kidogo. Telefoni ikiwa ndani ya mfuko, au imefungwa kiunoni katika kikwembe, inaweza kumpigia mtu yenyewe. Unashangaa inite zimekwisha, na shemeji yako amesikiliza mazungumzo yote ya sokoni. Kila mtengenezaji wa telefoni za namna hiyo alilazimika kutafuta dawa ya taabu hiyo.

Dawa ya Apple ilikuwa ile alama inayotembea. Kampuni hiyo ilipeleka ombi la kwanza tarehe 23 Desemba 2005. Tarehe 9 Januari 2007, mjini San Francisco, Steve Jobs alipanda jukwaani akaonyesha iPhone ya kwanza. Alipoteleza kidole na kioo kikafunguka, watu waliokuwa ukumbini walishangilia. Hati iliyokuja kugombaniwa, yenye namba 8,046,721, ilitolewa mwaka 2011. Haikusema tu kwamba kidole kinateleza. Ilisema kwamba mtu anagusa mahali penye picha fulani, picha hiyo inasogea bila kukatika kadiri kidole kinavyokwenda, na ikifika mahali pengine telefoni inafunguka. Kiini chake ni kioo kinachobadilika chenyewe papo hapo, kikimwonyesha mtu kwamba mkono wake umesikiwa.

Samsung ilipoulizwa, haikusema kwamba haikuiga tu. Ilisema pia: hati yenyewe haistahili, kwa sababu jambo hili lilikuwa wazi. Ikaleta ushahidi wa vitu viwili vilivyotangulia.

Cha kwanza ni telefoni ndogo ya kampuni ya Sweden iitwayo Neonode. Telefoni hiyo, Neonode N1m, ilitangulia iPhone. Kitabu chake cha maelezo kiliwaambia watu wapitishe kidole juu ya kioo kuelekea kulia ili kuifungua. Kwa hiyo kuteleza kidole kulikuwepo. Kilichokosekana ni picha inayofuata kidole.

Cha pili kinatugusa zaidi, maana kina jina la mwanamke. Catherine Plaisant alikuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Mwaka 1992, yeye na mwenzake Daniel Wallace walionyesha mbele ya wataalamu video na maandishi mafupi juu ya swichi zilizochorwa kwenye kioo cha kugusa. Kioo chao kilikuwa cha kutundikwa ukutani, cha kuongoza vyombo vya nyumbani. Walijaribu namna mbalimbali za swichi, na mojawapo ilikuwa alama ya kusukuma kwa kidole toka upande mmoja mpaka mwingine. Waliandika hata faida yake: mtu hawezi kuifanya kwa bahati mbaya kwa urahisi. Waliandika pia kwamba watu walioijaribu hawakuipenda kuliko vifungo vya kubonyeza.

Fikirini, wamama. Mtafiti anakaa na watu, anawaangalia wanavyogusa kioo, anaandika kinachofaa na kisichofaa. Maandishi ni mafupi sana. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, kampuni za mabilioni zinayasoma neno kwa neno mbele ya mahakimu, zikitafuta humo neno la kuzisaidia.

Samsung ikasema: chukueni kuteleza kwa Neonode, wekeni juu yake alama inayotembea ya Plaisant, mmepata kitu cha Apple. Fundi gani angeshindwa kuviunganisha? Na kweli ilikuwa na msaada wa hukumu kubwa. Tarehe 30 Aprili 2007, katika kesi ya pedali ya gari, Mahakama Kuu ya Marekani ilifundisha kwamba fundi wa kawaida si mashini. Ana akili yake, anaweza kuchukua vipande viwili vinavyojulikana akaviweka pamoja, na kuunganisha tu vitu vya zamani vikafanya kazi yao ile ile ya zamani hakutoshi kupata hati.

Apple ikajibu: sasa mmeona ndiyo maana mnasema ni rahisi. Kioo cha Maryland kilitundikwa ukutani. Hakiingii mfukoni, wala hakimpigii shemeji. Kwa nini mtu anayetafuta dawa ya telefoni ya mfukoni aende kutazama swichi za ukutani? Na kama watu walioijaribu hawakuipenda sana, kwa nini mtu aichague? Apple ikaonyesha pia watu walivyoshangilia mwaka 2007, na hati za ndani za Samsung yenyewe zilizokuwa zimeisifu njia hiyo ya kufungua.

Kesi ilisikilizwa San Jose, California, mwaka 2014, mbele ya hakimu mwanamke, Lucy Koh. Waamuzi walikuwa raia wa kawaida waliochaguliwa kusikiliza, kama ilivyo desturi ya nchi hiyo. Walikubali hati ya kidole. Kwa hati tatu zilizogombaniwa wakaamua Samsung ilipe dola 119,625,000. Sehemu ya kidole ilikuwa ndogo, dola 2,990,625 tu. Karibu dola milioni 18 zilikuwa za hati ya maneno yanayojisahihisha unapoandika, ile ile inayogeuza Kiswahili chetu kuwa Kifaransa kisichoeleweka. Pesa nyingi zaidi, karibu dola milioni 99, zilitolewa kwa hati nyingine, ya telefoni kutambua namba ndani ya ujumbe na kuigeuza iwe mahali pa kubonyeza.

Samsung ikakata rufaa. Februari 2016 mahakimu watatu wa rufaa kule Washington waligeuza hukumu yote. Kidole: kilikuwa wazi, hati haifai. Maneno yanayojisahihisha: hati haifai. Namba: Samsung haikuivunja hati hiyo. Miezi michache baadaye, tarehe 7 Oktoba 2016, tribinali hiyo hiyo ikakaa kwa wingi wake, nayo ikageuza tena. Mahakimu 8 walisema raia wa San Jose walikuwa na haki ya kuamini ushahidi waliousikia, na kwamba si kazi ya mahakimu wa rufaa kutafuta ushahidi wao wenyewe. Mahakimu 3 walikataa. Aliyeandika hukumu ya wengi ni mwanamke, Kimberly Moore. Miongoni mwa waliopinga kwa maandishi alikuwamo mwanamke mwingine, Sharon Prost, aliyekuwa mkubwa wa tribinali hiyo. Walisoma ushahidi mmoja, kila mmoja akaona lake. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilikataa kuisikiliza, na hukumu ya mahakimu 8 ikabaki.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikwenda upande mwingine. Julai 2012, katika kesi kati ya Apple na kampuni ya HTC ya Taiwan, hakimu wa London alisema ukiwa na Neonode mkononi, kuongeza picha inayofuata kidole ni jambo la wazi. Agosti 2015 mahakama ya juu ya Ujerumani, kule Karlsruhe, nayo ilifuta hati hiyo kwa nchi yake. Ndiyo maana lazima tujue kwamba hati ya uvumbuzi haina mabawa. Inafanya kazi katika nchi iliyoitoa, na kila nchi ina mahakimu wake. Kidole kimoja, kioo kimoja, Neonode moja: California kilikuwa na mwenyewe, Karlsruhe kilikuwa cha wote.

Wengine wenu mtasema: hizo ni pesa za matajiri, sisi zinatuhusu nini? Sikieni basi yaliyotokea katika kikundi chetu.

Tuna mama mmoja, fundi wa cherehani. Alichoka kusikia wateja wake wakilia kwamba wameibiwa telefoni ndani ya taxi-bus. Akashona mfuko wa kitenge wa kubeba begani, akaweka ndani yake mfuko mdogo ulioelekea chini, wenye ulimi wa nguo unaokunjwa mara mbili. Ukiwa umeuvaa, uzito wa telefoni wenyewe unabana ule ulimi. Mkono wa mwizi ukiingia toka juu, haukuti mdomo. Watu waliupenda. Aliuza, akalipa franka za shule za watoto wawili.

Baada ya miezi kadhaa mama wa pili wa kikundi hicho hicho akaanza kushona mfuko wa namna ile ile na kuuza kwa bei ya chini. Wa kwanza alipolalamika, wa pili alijibu kwamba mfuko ni mfuko, na kukunja nguo si uchawi. Walikuwa wakicheza likelemba pamoja kwa miaka sita. Wakaacha kusalimiana. Mmoja akasema atatoa mchango wake na kwenda, na wengine watatu wakataka kumfuata. Kwa kikundi kama chetu, hilo ni kuvunjika.

Tulikaa jioni mbili. Hatuna tribinali, lakini tulikuta tunatembea katika njia ile ile bila kujua. Mama mzee mmoja alisimama akatuonyesha bibi zetu walivyoficha pesa: wanafunga noti kwenye pembe ya kikwembe, wanaipindua ndani, wanaikaza kiunoni ili uzito na mwili viibane. Basi kupindua na kubana ni jambo la zamani. Mama mwingine akasema: ndiyo, lakini bibi hakuwa na telefoni, na pembe ya kikwembe si mfuko wa begani. Mwingine tena akauliza neno lililotunyamazisha: «Kama lilikuwa wazi, mbona sote tumeibiwa telefoni miaka hii yote na sisi ni washonaji?»

Hatukukubaliana kwa sauti moja. Wengine walisema ni akili ya mama wa kwanza na wa pili aache kabisa. Wengine walisema ni ya bibi zetu, kila mmoja ashone. Mwisho tuliamua wa pili aendelee kushona, lakini kwa miezi sita ampe wa kwanza sehemu ndogo kwa kila mfuko atakaouza, na asiuze chini ya bei yake. Alikubali bila furaha. Leo wanasalimiana, ila hawakai benchi moja.

Tulipokuja kusoma habari ya Apple na Samsung, tuliona namna gani sisi na mahakimu wa Washington tulikwama mahali pamoja. Jambo likishaonyeshwa, macho hayawezi kurudi nyuma yakawa hayajaliona. Ukishaonyeshwa mahali sindano ilipoanguka, unashangaa uliipitaje. Kwa hiyo neno «hata mimi ningefanya» halina uzito wowote likisemwa baada ya kuona. Swali la haki ni: kabla ya kuona, ulifanya? Kama hukufanya, nani alifanya, lini, na ushahidi uko wapi?

Lakini tusiangukie upande mwingine. Kuwa wa kwanza kuuza sana si sawa na kuwa wa kwanza kufikiri. Kushangiliwa jukwaani hakufuti kazi ya mwanamke wa Maryland, wala ya mafundi wa Sweden ambao telefoni yao haikupata jina kubwa. Sisi tukiulizwa, tunaona mahakimu wa London na Karlsruhe walikuwa karibu zaidi na haki. Kuteleza kulikuwepo, alama inayotembea ilikuwepo, na hatari ya kugusa kwa bahati mbaya ilikuwa imeandikwa tangu 1992. Aliyeviunganisha alifanya kazi nzuri, na soko lilimlipa. Kumfungia kitendo cha kidole kwa miaka 20 ni kumpa zaidi ya alichokileta. Tunajua wako kati yenu watakaosema tunamnyima mvumbuzi jasho lake. Waandike, tutasoma.

Jambo moja halina ubishi pande zote mbili. Maneno matupu hayakusaidia mtu. Neonode ilihesabiwa kwa sababu kitabu chake cha maelezo kilikuwepo. Plaisant alihesabiwa kwa sababu aliandika, akarekodi, akaonyesha mbele ya watu, na mwaka ulijulikana. Ni wangapi duniani walioteleza kidole juu ya kioo kabla yao na hawakuandika? Hakuna awezaye kuwataja. Na kwetu, ni bibi wangapi waliobuni namna ya kukausha, kusuka, kuhifadhi mbegu, kupunguza makala chini ya sufuria, na majina yao yamekwenda nao?

Akili ni mali, wamama, na mali inawekewa daftari. Likelemba tunaiandika, franka kwa franka. Tuandike na akili zetu. Kila kikundi kiweke daftari moja la mambo mapya. Mama akibuni kitu, kiandikwe: jina lake, tarehe, ni taabu gani alitaka kuiondoa, alijaribu nini kwanza kikashindikana, na alitoa wapi wazo. Mchoro uwekwe hata kama si mzuri. Mashahidi wawili watie sahihi. Kama mna telefoni yenye kamera, pigeni picha na muiweke. Na kama wazo lilitoka kwa bibi au kwa jirani, liandikwe vilevile. Kumtaja aliyetangulia si aibu.

Mwenye kitu kikubwa zaidi, anayefikiri kuomba hati ya serikali, ajue kwamba nchi yetu ina sheria ya mali za viwanda tangu tarehe 7 Januari 1982. Aulize mapema kwa mtu anayeijua, na aulize kabla ya kukionyesha sokoni. Apple yenyewe iliumia hapo. Hati yake nyingine, ya picha zinazopita kioo kwa kidole na kuruka kidogo zikifika mwisho, ilifutwa na mahakama ya hati kule Munich mwezi wa Septemba 2013. Sababu ni kwamba Steve Jobs alikuwa amekwisha kuionyesha jukwaani tarehe 9 Januari 2007, kabla ombi halijaletwa. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja baada ya kuonyesha. Ulaya haimpi. Kwa hiyo siku ile ile ya vigelegele ilisaidia kesi moja California na kuua nyingine Ujerumani.

Kwa mkutano wa juma lijalo tunawaomba mje na jambo moja kila mmoja: kitu unachokifanya nyumbani, shambani au kwenye biashara yako ambacho hukufundishwa na mtu. Tutauliza pamoja nani alitangulia, na tutaandika tutakachojibiwa. Mama fundi wa mifuko ameahidi kuleta ule wa kwanza kabisa aliomshonea bibi harusi mmoja. Picha ya harusi hiyo ipo, na tarehe imeandikwa nyuma yake. Yule wa pili naye amesema atakuja, na kwamba ana namna yake mpya ya kushona ule ulimi, ambayo anataka iandikwe kwa jina lake.

Salamu kwa watoto. Mubaki na amani.